Sinia la Ijumaa Kuu: Kumkumbuka Mama Filomena wa Mtoni

Mwaka umezunguka, Mama, tangu juma lile baada ya Pasaka ulipolalamikia kifua, ukajilaza mchana, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, usiamke tena. Watu wa Mtoni bado wanatuulizia vitumbua. Tunawajibu kwamba mwenye mkono wake kaondoka, na sie tulioachiwa kikaango tunaviunguza tu.

Ulikuwa mwanamke wa maneno mengi na roho nyepesi. Ulimsema Baba kwa shati lisilopigwa pasi, kisha ukalipiga mwenyewe. Kanisani uliimba kwa sauti kuliko wote, na wimbo ukikupotea hukunyamaza, uliwaburuta wenzio hadi huko ulikopotelea. Ramadhani ikiingia ulihamishia jiko nyuma ya nyumba, harufu isimsumbue Bi Chausiku, mwenye nyumba wetu, naye yuko kwenye saumu. Hakukuomba. Uliona mwenyewe kuwa inafaa.

Ila tusikusifie usivyokuwa, maana ungetucheka. Tulipokuwa wadogo dini yako ilikuwa kali, Mama. Rozari tuliisali magoti sakafuni, na Akwilini akipiga miayo tulianza upya. Ulimwogopa Mungu kama mpangaji anavyomwogopa mwenye nyumba mkorofi: usikosee, usichelewe, usimpe sababu. Kila Kwaresima ulikonda, na bado ulimuuliza Baba kama umejinyima vya kutosha.

Kilichokugeuza ni msiba wa Hamisa, binti pekee wa Bi Chausiku. Siku zote za matanga ulikuwa uani kwake kwenye masufuria, Jumapili ikapita, misa ikakupita. Uliporudi chumbani ulikaa kitandani ukiungoja ule woga wako. Ukamwambia Baba kwamba haukuja. Ulisema Mungu ulimkuta huko huko kwenye moshi, wala hakuwa na hasira na wewe. Toka hapo uliendelea kwenda misa, tena kwa furaha, kama mtu anayekwenda kwao. Rozari ilibaki, ila miayo ikaruhusiwa.

Ndipo ikaja Ijumaa Kuu ya mwaka jana, iliyoangukia ndani ya Ramadhani. Tulifunga. Hatukuwasha moto tangu asubuhi, nawe ulijitanda kaniki, ukarudi kutoka kanisani macho mekundu. Bi Chausiku akatuona toka barazani, akamwita mwanao Tabu, akamuuliza ni nani aliyetutoka. Tabu akajibu kama alivyofundishwa, kwamba leo amekufa Bwana Yesu. Basi, likaisha hilo. Yule ni mtu wa pwani, na kwao nyumba yenye msiba haipiki, jirani ndiye anayeipikia.

Magharibi, alipokwisha kufuturu, akaingia na sinia la pilau ya mbuzi. Nyama, Mama, siku ambayo hata mtoto wa mafundisho anajua kwamba hailiwi! Akakaa mkekani, akatupa pole mmoja mmoja. Baba akakutazama. Ukaanza kumweleza Bi Chausiku taratibu kwamba huu si msiba wa namna ile, naye akakukata kauli.

"Kwetu habari hizo hatuzisomi kama nyie, mama Tabu. Lakini wewe umefiwa, na mie nilipofiwa ulinipikia."

Ulinawa, ukakata tonge, ukala nyama siku ya Ijumaa Kuu mbele ya wanao, machozi yakikudondoka kwenye sinia. Na kama vile kaagizwa, katekista Revelian akapiga hodi. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha Wakristo maungamo ya kesho. Akaliona sinia, akauona na mkono wako, akaondoka bila kukaribia.

Ulitukataza tusimwambie Bi Chausiku habari ya nyama, asije akaumia, na mpaka leo hajui. Wanaomsomea gazeti tunawaomba waruke hapa.

Kesho yake Revelian alirudi kukuambia usisogelee meza ya Bwana siku ya Pasaka mpaka uungame. Hakuwa mtu mbaya. Alikuogopea, vile vile ulivyokuwa ukijiogopea wewe zamani. Na sie tulijua komunio ya Pasaka ni nini kwako, uliyeingojea tangu Krismasi na gauni lake umelishona. Baba alikusihi ukaungame yaishe. Ukajibu kwa sauti ndogo, nasi hatujaisahau.

"Nitaungama nini, Revelian? Nimwambie Mungu anisamehe kwa kula chakula cha msiba wa Mwanawe?"

Pasaka ulivaa lile gauni la maua, ukatoka kwenye benchi pamoja na wenzio, ukapiga magoti. Revelian ndiye aliyeshika sahani ya komunio, na padri alikwisha kuambiwa. Padri alipokufikia, alisita. Wimbo ulilegea, maana mwenye kuuburuta alikuwa wewe, nawe ulikuwa umefumba macho na kufungua kinywa, unangoja. Hukujitetea. Ungekuwa Filomena wa zamani usingethubutu hata kunyanyuka. Padri akakupa.

Baada ya misa Revelian hakukuamkia. Ilikuuma, tuliona, lakini ulisema atakuja tu, tumwache. Haukupita muda ukatutoka. Siku ya mazishi alisimama mbali, kofia mkononi, akaondoka kabla ya wengine. Tulihuzunika kwamba neno lako hilo limeanguka.

Mama, amekuja. Ijumaa Kuu ya mwaka huu nayo imeangukia Ramadhani. Bi Chausiku alituona tumekaa bila moto, na baada ya kufuturu akaingia na sinia, pilau, mbuzi, kama mwaka jana. Tulikuwa tumelizunguka tukitazamana, kila mmoja akikuwaza wewe, hodi ikapigwa. Revelian. Akaliona sinia. Akavua viatu, akamwamkia Bi Chausiku shikamoo, na yule bibi akamwambia pole kwa msiba, mwanangu.

"Nimeshapoa, bibi," akasema.

Akaomba maji ya kunawa. Akakaa pale ulipokaa wewe, akakata tonge.

Wanaokukumbuka ni mumeo Nikodemu, wanao Tabu na Akwilini, na dada zako walioko Uluguru. Yumo na Bi Chausiku, aliyetaka jina lake liwekwe pamoja na ndugu. Revelian naye ameomba awekwe, nasi tumemweka.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote za maisha yetu.

Mtoni, Dar es Salaam, Aprili 1958