Vibamba Vitano Juu ya Moto

Jumatatu, 3 Februari
Nimemwogesha mama. Mkono wake bado uko kwenye hogo, kizunguzungu hakijaisha. Uji. Kisha kiboksi: kimefungwa vizuri, vibamba vitano vya utafiti viko salama. Nilivipeleka Arusha kupimwa, vilitakiwa viwe vimerudi maabara yetu Dodoma tangu Ijumaa. Nilishukia Singida kwa sababu mama alianguka. Dada Pendo, aliyeolewa Manyoni, atakuja kesho kunipokea zamu ya kumuuguza.

Jumanne, 4 Februari
Pendo hakuja. Kesho, anasema.
Daktari, mkuu wangu wa maabara, kapiga simu. Vifike Ijumaa hii, ndipo tuongee mkataba wangu. Unaisha mwezi huu.
Kila kibamba kina utando wenye unene wa atomi chache, elementi za seleniamu na teluriamu kwa uwiano tofauti. Uwiano ndio unaoamua utando umeze mwanga gani. Oksijeni nayo huubadilisha, hasa penye joto. Tulitaka kuuoksidisha wenyewe, kwa kipimo.
Mama kanicheka. "Umekikumbatia hicho kiboksi kama mchumba!" Nikamweleza kinaogopa unyevu.

Jumatano, 5 Februari
Mvua tangu alfajiri. Kufua, kupika, kumvalisha mama. Pendo: kesho. Nalichukia hilo neno. Pendo pia, kidogo.

Alhamisi, 6 Februari
Kiboksi hakipo mezani. Nimekikuta jikoni, kwenye uchaga juu ya moto, katikati ya masuke ya mbegu ya mtama. Kifuniko wazi. Mama alikipandisha jana mvua ilipozidi. Kapanda kigoda, kwa mkono mmoja!
"Mbegu zangu haziozi pale mwaka mzima," akasema. "Hata panya hafiki." Uso umejaa fahari.
Nilitoka nikasimama kwenye mvua.
Kibamba namba 1 na 2 vimefifia. Namba 3, 4, 5, zenye teluriamu nyingi: madoa, rangi imekufa.

Ijumaa, 7 Februari
Ningeweza kumwandikia Daktari "unyevu wa safarini". Nani angejua?
Nimeandika: joto la moto wa kuni na moshi, karibu siku nzima, kifuniko wazi. Rangi ya kila kibamba, kwa namba. Sikuandika nani aliviweka. Nimetuma saa nne.
Saa kumi Daktari kajibu. Ananishukuru kwa kusema kweli. Nafasi yangu atampa mwingine.
Nimesoma mara tatu. Nikaenda kuchota maji.

Jumamosi, 8 Februari
Mvua imekatika. Mama kaniuliza kama vitu vyangu vilikauka vizuri. Nikamwambia vilikauka, mama. "Nilijua," akasema, akaninyooshea mkono mzima nimkate kucha. Nimemkata, kidole kimoja kimoja. Alisinzia kabla sijamaliza.