Kwa Shemeji Yangu Masagati: Mkono au Usukani?

Mpendwa shemeji,

Natumaini macho yako ni mazima, maana masikio tumeshayazika. Ndiyo sababu nakuandikia. Simu nilipiga, akapokea mwanao, akakupa wewe, nami nikabaki nasikiliza unavyopumua kama ng'ombe aliyeshiba. Kila baada ya muda unasema, "Ee? Nani?" mpaka salio likaisha. Barua hii nampa kondakta wa basi la Mlimba aitafutie njia ya kufika huko juu. Sikuigundisha, kwa sababu najua ataisoma, na abiria wa viti vya mbele wataisoma, na mpaka ifike Masagati utakuwa mtu wa mwisho kujua habari zako mwenyewe. Waache wasome. Shikamoo yangu utaniletea wewe mwenyewe, siipokei kwa basi.

Habari ni kwamba mpwa wako Fausta amenunua boti. Sisemi mtumbwi, nasema boti, ya faiba, nyeupe kama jino la mtoto. Biashara yake ya samaki hapa Ifakara imekua, na amechoka kuwangoja wavuvi wanaomletea kitoga aliyeanza kulegea. Akaja nyumbani, akaniambia, "Baba, nahodha ni wewe." Dada yako alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nahodha gani? Huyu tangu anioe anakaa mbele ya mtumbwi, kazi yake kuinua mikono kama mlokole."

Unaona mambo ninayoishi nayo tangu uondoke. Zamani maneno hayo alikuwa anatugawia wawili.

Sasa mashine ipo, ile ya kupachika nyuma, lakini fundi ameuliza tunataka tuiongozeje. Kuna namna mbili. Ya kwanza inaitwa mkono. Ni chuma kinachotoka kwenye mashine yenyewe. Mtu anakaa nyuma kabisa, anakishika kama mkia wa ng'ombe, anakisukuma huku na boti inakwenda kule. Ya pili ni usukani wa duara, kama wa lori la miwa la Kidatu. Unafungwa kwenye kimeza katikati ya boti, dereva anasimama nyuma ya kimeza kama padri kwenye altare, na waya zinapita pembeni mpaka kwenye mashine. Kimeza hicho hakiwekwi bila kutoboa sakafu, na sakafu ikishatobolewa imetobolewa. Kwa hiyo fundi alitaka jibu kabla ya Jumamosi.

Fausta alitaka usukani. "Baba, unasimama, unaona mbali, mgongo hauumi. Tena ni heshima."

Fundi, kijana mmoja ambaye suruali yake inamkimbia, alitaka mkono. "Mzee, usukani kwa mto wetu ni noma. Majani yakijisokota kwenye pangaboi unatakiwa uinue mashine fasta. Ukiwa kule katikati, mpaka urudi nyuma boti imeshapanda mchanga. Na kile kimeza kinakula nafasi ya samaki."

Mimi, shemeji, nikuambie ukweli wa Mungu, nilitaka usukani. Sikuwa na sababu ya maana. Nilijiona tu napita chini ya daraja nimesimama wima, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kiunoni, na watu wa juu wanaulizana yule mheshimiwa ni nani. Darasa la nne nimelikimbia, ualimu sikuupata, upadri dada yako aliuharibu. Nikasema angalau nife nikiwa dereva.

Lakini fundi alisema kwanza nijaribu. Alikuwa na boti mbili za watu alizotengeneza, moja ya mkono, moja ya usukani. Tukateremka mtoni, mimi, yeye na Fausta.

Hapa inabidi nikukumbushe tulivyokuwa tukifanya kazi, maana huko kwenye shamba lako la maharage pengine umesahau. Uliposhuka kutoka Mahenge kuja kuangalia kama dada yako ameolewa na mtu au na fisi, ulikuwa Mpogoro wa mlimani kabisa. Maji ulikuwa umeyaona kwenye ndoo. Marehemu baba yangu akakupa upondo, akakusimamisha nyuma ya mtumbwi, akaniweka mimi mbele, akatuambia, "Wa mbele ni macho, wa nyuma ni masikio. Mdomo ubaki nyumbani." Tukaishi hivyo. Kiganja kikilala, mchanga. Ngumi, kiboko. Mkono wa kulia ukiinuka, kulia, na wa kushoto hivyohivyo. Wewe ulikuwa hutazami mto, ulikuwa unatazama mkono wangu, na nyuma unasikiliza. Kiboko akipumua kule tulikotoka, unaongeza nguvu ya upondo kabla sijajua kuna nini.

Unakumbuka ile siku niliyojikuna kwapa? Mkono wa kushoto ukiwa juu, wa kulia unatafuta mdudu, nami najikuna kwa raha zangu. Ukakata kushoto, ukasukuma, ukasukuma, mpaka tukapanda ng'ambo, upande wa Ulanga. Nikageuka kukuuliza tumekuja kufanya nini huku. Ukasema, "Wewe ndiye uliyeniita." Tukala miwa ya watu, tukarudi. Hukunicheka mpaka tulipofika nyumbani, na ulipoanza kucheka ulicheka mpaka Pasaka.

Haya. Mtoni, tukaanza na boti ya mkono. Nikakaa nyuma, kwenye nafasi yako. Fundi akavuta kamba, mashine ikanguruma, pua ya boti ikainuka juu na mimi sikuona kitu ila mgongo wa fundi aliyekaa mbele. Nikafanya nini? Nikamtazama mikono. Mtu wa mbele si ndiye macho? Yule bwana alikuwa anajipiga picha. Akainua mkono wa kulia wenye simu, nami nikatii, nikageuza kulia kwa utii wote, mpaka tukapanda fungu la mchanga na ndege weupe wakaondoka kwa hasira. Fundi akasema, "Mzee, vipi?" Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeniita."

Hakuelewa. Mtu mmoja tu angeelewa, naye yuko Masagati.

Tukahamia ya usukani. Nikasimama kwenye altare yangu, na kweli, shemeji, inapendeza. Unaona mbali kama twiga. Unazungusha huku, inakwenda huku, hata mtoto ataweza. Nikaanza kujisikia mheshimiwa. Tulipofika penye kona ya matete, nikaona mgongo mweusi umelala juu ya maji mbele yetu. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Niliachia usukani, nikainua mkono wa kushoto, nikafumba ngumi, nikaishikilia hewani vizuri kabisa. Nikangoja boti igeuke.

Boti haikugeuka.

Fausta alipiga kelele, "Baba, shika usukani," nami nikamwonyesha ngumi vilevile ili anyamaze, kwenye mtumbwi hatusemi. Akaurukia usukani mwenyewe, akauvuta, na tukaingia kwenye matete mpaka kimeza kikafunikwa. Yule kiboko, kwa faida ya abiria wa viti vya mbele, alikuwa gogo.

Mashine ikazimika. Tukatoa majani midomoni. Fausta akaniuliza taratibu, "Baba, ulikuwa unamwonyesha nani?"

Nikamwambia nilikuwa nasalimia. Lakini nilikuwa nimeshageuka kutazama nyuma, na nyuma kulikuwa na mashine tu.

Najua kwa nini uliondoka. Siku ile kiboko alitokea nyuma. Mimi nilimsikia nikiwa mbele, hatua zote zile, na wewe uliye karibu naye hukumsikia. Alituinua kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Tulipotambaa mpaka ukingoni nyavu zimekwenda, sufuria imekwenda, kandambili yako moja imekwenda, wewe unakamua shati. Halafu ukasema, "Shemeji, huku nyuma hakuna masikio tena. Nitakuua." Nikakujibu kitu, ukasema, "Ee?" Wiki iliyofuata ukabeba sanduku ukaenda kwa mwanao kupanda maharage, mmea usiomsemesha mtu. Nilidhani umechoka. Dada yako ndiye aliyeniambia kwamba ulimlilia.

Basi nisikilize, yaani nisome. Kule kwenye matete nilipata akili, jambo lisilotokea mara nyingi. Njia nzima fundi alikuwa ananisemesha, naona mdomo wake unakwenda, na sikusikia hata neno. Mashine ikiwaka hakuna mwenye masikio. Fausta kiziwi, fundi kiziwi, mimi kiziwi. Wewe umetutangulia tu, na umeshazoea. Kiboko apumue huko nyuma mpaka achoke, sisi tumeshaondoka. Kinachotakiwa nyuma siku hizi ni mtu wa kutazama mkono wa aliye mbele na kutii bila maswali, akiona kiganja kimelala ainue mashine papo hapo. Masikio aliyoyataka baba hayahitajiki tena. Macho yanahitajika, na mwanao anasema juzi ulimwona nyani shambani kwa jirani kabla jirani hajamwona.

Ijumaa nikaenda kwa fundi nikamwambia, "Weka mkono. Sakafu usiiguse." Fausta alikasirika. "Baba, na nani atakaa nyuma?" Nikasema yupo. "Yupo wapi?" Nikasema anapalilia. Akauliza, "Mjomba atakubali?" Nikamwambia mjomba wake hajawahi kukubali kitu kwa maneno.

Kwa sasa anakaa Fausta mwenyewe, tukijaribu. Ni mtoto mzuri, ana nguvu, lakini amesoma. Nikimwonyesha kulia anauliza kwa nini kulia. Nikigeuka kumweleza, tumeshapita. Jana tulijadiliana mpaka tukatia nanga shambani kwa mtu, katikati ya mpunga.

Sikuiti kwa huruma, shemeji. Huruma ningekutumia kwa basi. Nakuita kwa sababu nimejaribu kukaa kwenye nafasi yako na sijui kukaa, na nimejaribu kukaa peke yangu katikati na nimeingia matete. Boti inaanza kazi maji yakipungua. Nafasi ya nyuma iko wazi, na dada yako ameanza kuitazama. Amesema usipokuja atakaa yeye, atashika mkono wa mashine, na nikiinua ngumi atanijibu kwa ngumi. Nimeweza kuishi na mwanamke yule miaka yote hii kwa sababu nilimwacha nchi kavu. Maharage yatajipalilia. Njoo.

Ni mimi uliyemkuta ameshakuwa mume wa dada yako,
shemeji wa mbele,
Ifakara.