Moto Uliompa Mume Wangu

Baba,

Shikamoo, ingawa najua marahaba yako haitanifika. Tangu tukusomee hitma, watu wakipita dukani Mkunazini wanasema mkono wako wa usonara umehamia kwa mkweo. Mkweo! Mimi uliyenizaa, niliyekuvutia waya wa dhahabu tangu sijavaa buibui, wananiuliza hali za watoto tu.

Nakuandikia kwa kuwa wivu umenikaba na sina wa kumwambia. Hafidh ni mume wangu na nampenda, lakini kila akiwasha moto naona uchungu. Ulimwambia yeye, mimi ukanipa mgongo nikisikia kwa pembeni tu, kuwa dhahabu ndani ni punje punje. Waya ukivutwa kwenye matundu ya bamba la chuma, kila tundu dogo kuliko la kabla yake, punje hurefuka na kubanana, waya ukawa mgumu. Ukipata moto wa kiasi, huzaliwa punje mpya, ndogo, ukalainika tena. Nilipotaka kujaribu ukasema, "Moto si kazi yako, mwanangu. Wewe vuta."

Wiki iliyopita Hafidh alikwenda mazikoni Jambiani, na kidani cha bibi harusi kinangojwa. Nikavuta, waya ukakaza, nikawasha mwenyewe. Nilifurahi, Baba. Kisha nilipouvuta tena, ukakatika kwenye tundu la mwanzo tu. Nikautazama kwa lenzi yako: punje zimenenepa kama chumvi ya mawe. Nilizidisha moto.

Hafidh aliporudi hakunisema. Akauyeyusha upya, nami kwa kununa nikamwambia avute mwenyewe. Akavuta, akavuta, ukakatika mkononi mwake. Akakaa kitako. "Mi sijui lini umekaza," akanambia. "Mzee alinikataza kushika koleo la kuvutia. Akinambia, mkeo akisema basi, ndo uwashe. Miaka yote hii nnakuonea wivu mkono wako."

Kumbe. Ulimpa nusu, ukanipa nusu, ili asiweze mmoja kumwacha mwenzake. Kidani tulikimaliza pamoja na kimependeza, lakini bado sijakusamehe. Hukutuamini, Baba. Ungalimpa kila mmoja wetu yote, tungalikaa pamoja vilevile.

Mungu akulaze pema. Nakuahidi hili: Rahma, mjukuu wako, nitamfundisha kuvuta, na baba yake atamfundisha moto. Atakuwa na yote mawili. Na najua, siku atakapoutengeneza waya peke yake bila ya kutuita, nitamuonea wivu na yeye.

Mwanao,
Zuwena