Karafuu Kumi na Nne za Namba Nne

Ole, Pemba
27 Shaaban

Kwa kaka yangu Ridha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namuomba Mola barua hii ikukute mzima, kile kifua kimekuachia, na baridi ya huko Morogoro umeshaizoea. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Jaribu yuko shamba anatazama muhogo wa futari, kanambia nikusalimie sana. Yumna katoa meno mawili ya chini na anatambaa. Jana nimemkuta uvunguni anakula sabuni, nikimnyang'anya analia kama nimemnyang'anya halua. Mama kule Kojani nimempigia juzi, hajambo. Aliloniuliza ni moja tu, kama mwanawe anakula.

Najua utashangaa kuona karatasi na simu ninayo. Kaka, nimeanza kukurekodia sauti mara tatu, na mara zote tatu nimefuta. Barua ikishatoka mkononi haifutiki, ndiyo maana nimeandika. Nampa mwalimu Seif, jirani yetu hapa, anapanda boti kesho kumfuata mkewe huko huko Morogoro. Kaahidi atakupa mkononi mwenyewe. Isome kabla hujaipeleka ripoti yako kwa mwalimu wako. Nakuomba sana.

Kwanza nikupe habari za amana yako. Unakumbuka ulivyokuja na yale makopo sita ya plastiki, Yumna hajatimiza hata arobaini, ukanambia dahalia yenu hairuhusu hata paka. Nilipoona vile vibuibui vyenye manyoya, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya kunde, nilitaka kukurudishia hapo hapo. Ukanambia ni tarantula wa kusuka utando, wakikua miguu itakuwa ya samawati na tumbo rangi ya chungwa, na kwamba unataka kuandika wanakula mara ngapi na wanavua ngozi lini wakilelewa kwenye joto letu hili. Ukanambia na jina langu utalitia kwenye ripoti, Samiha, mlezi. Mimi niliyeishia kidato cha pili! Ndilo lililonifanya nikubali, nisikufiche.

Basi nawalea kama ulivyonielekeza. Mchanga chini mkavu, na kijiti cha mpera cha kushikia utando, si cha mkarafuu, kwa ajili ya mafuta yake. Maji nadondosha tone moja tu pembeni ya utando kwa lile bomba la dawa ya Yumna, mchanga usilowe ukaota ukungu. Jumamosi na Jumanne nawapa mchwa, au nyenje mchanga asiyezidi tumbo la mwenyewe, nikishamponda kichwa asije akamuuma. Asubuhi yake natoa mabaki kwa kibano bila kuchana utando. Miguu ya meza nimeitia kwenye vikopo vya maji, sisimizi wanafika wanarudi. Udi wa mtoto nafukizia uwani, chumbani haupandi moshi wowote. Namba moja kasuka mpaka kifunikoni, utadhani kafunga chandarua.

Mama mkwe, Bi Kazija, unamjua ulimi wake. Siku ile ile uliyoondoka aliniuliza mwanawe kaoa mke au kaoa mke na wadudu wa kwao. Wageni wakija huwaambia wasikae karibu na meza ile, mkwewe ana wageni wengine wenye miguu minane. Aliapa mbele ya shoga yake Bi Ummkulthum kwamba siku atakayokufa mmoja yeye atapika pilau na kualika mtaa. Nami nikicheka, lakini moyoni nikisema, hapana Bi Kazija, pilau hiyo hutaipika.

Sasa kaka, kaa kitako.

Mwanzoni mwa Rajab, namba nne alikataa kula. Tumbo likawa jeusi linang'aa kama zambarau, akajifungia ndani ya utando wake na kuziba mlango. Ulishanambia kwamba akifanya hivyo anataka kuvua ngozi, nimwondolee chakula, nimwachie maji, nisimguse. Nikafanya hivyo. Lakini mimi kuvua ngozi nilidhani ni kama nyoka, kinabaki kitu kama soksi. Siku ya tisa nimeamka nikakuta juu ya utando buibui kalala chali, miguu yote minane imekunjika, hata manyoya yapo. Nikampuliza, hakutikisika. Nikamtoa kwa kibano, mwepesi kama ganda la kitunguu. Nikajua nimekuulia.

Nililia, kaka. Yumna alikuwa na homa wiki ile, nimekesha siku mbili, na hili likaja juu yake. Nikamfunga yule maiti kwenye karatasi nikamtia kwenye kibiriti, kopo lake na utando wake nikalitupa jaani nyuma ya nyumba, sikutaka kulitazama. Ilipofika Jumamosi ya kukutumia picha za makopo sita na ukurasa wa daftari, mkono haukuweza kuandika amekufa. Nikachukua kopo lingine, nikalibandika namba nne, nikamtia ndani namba mbili, nikampiga picha. Kisha nikamrudisha kwake nikampiga tena upande wa pili. Na daftarini, penye namba nne, nikanakili mambo ya namba mbili. Kala Jumamosi, kala Jumanne. Ukanijibu kwa vidole gumba vitatu na maneno kwamba hujapata kuona mlezi kama mimi. Yale maneno yaliniuma kuliko ungenitukana.

Hapo hata haijaisha. Baada ya siku kumi na mbili namba mbili naye akaziba mlango. Asubuhi moja nikakuta maiti mwingine chali, mwepesi vile vile, na nikapiga kelele. Kisha nikaona ndani ya utando kitu kinajivuta, cheupe kidogo, kikubwa kuliko jana, kipo hai. Ndipo nilipojua kuvua ngozi kukoje. Na ndipo nilipojua kwamba namba nne hakufa. Mimi nilitunza ganda lake kwenye kibiriti, mwenyewe nikamtupa jaani yu hai.

Nilikimbia bila hata mtandio. Nimechakura lile jaa kwa mikono, maganda ya nazi, majivu, kopo halipo. Mama mkwe alikuwa uwani anapeta mchele, akaniuliza nimepoteza hereni ya harusi au vipi. Nikamwambia ndiyo. Akasema hereni ya mtu mwenye zote mbili hutafutwa masikioni, akaendelea na ungo wake.

Basi nikawa nakuandikia uongo kila Jumamosi, wiki saba kamili. Wiki hizo nilisikia mengi ambayo sikuyaelewa. Bi Kazija mara akiniuliza hivi wadudu wangu hupewa mchwa mzima au nusu. Mara akiuliza akikataa kula hupelekwa kwa mganga gani. Mimi nikijua ananikejeli, namjibu kwa mkato: nusu mama, haendi kwa mganga, anaachwa mpaka meno yaive, wiki hivi. Naye akiguna, mmh, meno! Mchwa wangu niliowahifadhi kwenye chungu nao walikuwa wakipungua, nikawasingizia sisimizi.

Juzi tulikuwa tunaondoa utando na masizi nyumba nzima tupokee mwezi mtukufu, kama tunavyofanya kila mwaka. Mimi na ufagio mrefu nimeingia jikoni, nimefika ile pembe ya rafu nyuma ya gunia la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nikasikia Bi Kazija ananipigia ukelele kutoka nje, we Samiha, pembe hiyo iache! Nikadhani kuna nyoka. Alikuja mbio, yeye mwenye magoti mabovu, akasimama baina ya ufagio na rafu. Tukatazamana. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya gunia akatoa kopo. Namba nne, kwa hati yangu mwenyewe. Utando umejaa kama pamba, na ndani yake, kaka, namba nne mwenyewe, mkubwa kama punje ya kahawa, miguu imeanza ubuluu.

Nilikaa chini sakafuni. Akanieleza huku kanigeuzia uso ukutani. Kwamba asubuhi ile alikwenda jaani akaona kopo zima na kifuniko chake, na yeye hajapata kutupa kopo zima tangu azaliwe. Alitaka kulifanya kopo la chumvi. Alipolifungua utando ukatikisika, akamuona mdudu mweupe, laini, hana nguvu, kama kichanga. Akadhani nimemchoka nikamtupa, akasema moyoni kwamba msichana huyu ana mtoto mgonjwa, hana lawama, lakini amana iliyoingia nyumba hii haiishii jaani. Na tena buibui ana haki yake tangu alipomsitiri Mtume pangoni, yeye si wa kumuua kwa njaa. Nikamuuliza mbona hakunambia siku ile niliyokuwa nachakura. Akasema mimi ndiye niliyesema natafuta hereni. Kisha akasema polepole kwamba amekwisha kuahidi pilau mbele ya watu, na hakutaka Bi Ummkulthum asikie kwamba Kazija binti Duni, uzee huu, analea buibui.

Nikamuomba radhi, naye kaniomba, tumelia na tumecheka mpaka Yumna akaanza kulia na yeye.

Sasa kaka, sita wako wote wazima. Ningeweza kunyamaza. Makopo ni sita, picha ni sita, nani angejua? Lakini wiki saba za namba nne kwenye daftari lile hazikutokea. Nimeandika kwamba alikula mchwa wiki ile ile aliyovua ngozi, na mimi najua hawezi, meno yake bado laini. Mwalimu wako akiliona hilo atakuuliza, na utaaibika kwa ajili yangu. Zifute zote, tangu tarehe niliyokupigia mstari kwenye kipande hiki cha daftari. Na jina langu, ukiona halifai tena kukaa pale, lifute nalo. Sitakulaumu.

Lakini kuna kitu. Bi Kazija hajui kuandika, ila kuna funga zake za sunna, Jumatatu na Alhamisi, hajaziacha hata moja. Alikuwa akifuturu yeye, na mdudu anamfuturisha. Na kila akimpa chakula alitia karafuu moja kavu kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Ikiwa kala, karafuu ina kichwa. Ikiwa kakataa, alikibandua kichwa. Nimezihesabu mbele yake, ni kumi na nne. Mbili za mwanzo hazina vichwa, kumi na mbili zinavyo. Basi wiki ya kwanza hakula, kisha akala bila kukosa. Wiki saba zako hizo, kaka, na za kweli kuliko daftari langu. Nimezifunga kwenye kitambaa cha kanga yake ya zamani, na kibiriti chenye ganda la namba nne kimo humo humo, kishike taratibu.

Nimeanza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika yote haya niliyokueleza, ili mtu yeyote akilifungua aanze na ukweli. Bi Kazija sasa ananisomesha mimi: jana kanambia namba sita hunywa zaidi nikimdondoshea kwenye utando wa juu, na ni kweli, nimejaribu. Kama mwalimu wako atakubali mlezi abaki, basi andika walezi, wawili. Nimemwambia hivyo, akasema niache upuuzi, halafu akaniuliza Kazija huandikwa kwa herufi gani mwanzo.

Nisalimie wenzako wote. Jaribu, Yumna na Mama wanakusalimu, na Bi Kazija anasema ukija sikukuu pilau ipo, lakini si ya matanga. Mwezi mwema, Mola atufikishe na atukubalie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Samiha

Zile karafuu, kaka, wenzako wasije wakatia kwenye chai.