Kioo cha Zainabu

Temeke, Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nimemenya mihogo, nimeipika, nimeila. Sijui hata ilikuwa na ladha gani.

Mwanangu Zainabu yuko chuo kikuu. Naandika tena: chuo kikuu. Mie herufi nimezijua ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, na leo binti yangu anapiga hesabu za jinsi kioo kinavyochoka. Ndiyo, kioo huchoka. Ukikibebesha mzigo, ukautoa, ukakibebesha tena, unaanza ufa mdogo ambao jicho haliuoni. Yeye anauiga ufa huo kwenye karatasi, mzigo kwa mzigo, mpaka ajue kitavunjika mara ya ngapi. Nani mwingine mtaani ana mtoto wa hivyo?

Ili ahakikishe hesabu yake, alilaza kipande cha kioo cha dirisha juu ya matofali mawili, kwenye chumba chetu cha uani, akaning'iniza ndoo ya mchanga katikati. Anaishusha ndoo mpaka kioo kibebe uzito, anaiinua, anachora kijistari daftarini. Hesabu ilisema kitafika kama mara mia nne.

Jana kilivunjika kwenye mia mbili na sitini.

Tangu jana anakata kurasa za muhula mzima kwa kalamu nyekundu. Jumatatu anampelekea mwalimu wake, pamoja na barua ya kusema kwamba njia yake mwenyewe ya hesabu haifai.

Mie najua nani alikivunja.

Wiki mbili nililala kitandani kwa maumivu ya mguu, majirani wakawa wanakuja kunijulia hali. Kila aliyekuja, Zainabu akiwa darasani, nilijikongoja nikampeleka uani. Tazama kazi ya mwanangu! Nikashusha ndoo, nikainua. Balozi wetu wa nyumba kumi alipiga makofi. Mama Hadija ndiye aliyenichokoza: "Mh, kinaringa kama mwenye nacho. Hebu tena, shoga, tuone." Nikashusha tena. Na tena. Tulicheka mpaka nikasahau mguu.

Sikuchora kijistari hata kimoja. Nilidhani kisipovunjika basi hakijapata kitu.

Leo mchana nimemwambia. Nilitegemea akasirike, angalau anigombeze. Aliweka kalamu chini, akaniuliza, "Mara ngapi, mama?"

Nikahesabu wageni kwa vidole. Wageni nawajua wote. Mara ngapi kwa kila mmoja, sijui.

"Bila idadi, mwalimu ataona najitetea tu," akasema. Sauti yake ya kawaida kabisa. Akaniuliza kama mguu bado unauma.

Sijalia. Nimekaa tu, kama ninayemsubiri mtu.

Jumatatu nitakwenda naye, na mguu huu huu, nikamweleze mwalimu kwa kinywa changu. Nimezoea kumsifia Zainabu kwa watu. Hili la kwangu sijui nitalianzaje.