Mkono wa Shaba Ukingoni mwa Mto Ping

Ijumaa, 31 Oktoba

Mji wetu wa Tak bila mimi ni mto na mawe tu. Sijisifu — nasema yaliyopo. Leo wamekaa wateja saba kwenye kiti changu cha kinyozi, na wote saba, kabla sijawapaka sabuni, wameniuliza habari za mkono. Mkono wangu! Ule wa shaba pale ukingoni, uliofunuliwa mwezi jana. Kiganja kirefu kuliko paa la duka langu. Kimeota kutoka kwenye jiwe, na vidoleni vinateremka vifuu vya nazi, kimoja kimoja hadi majini, vile vile tunavyoviachia mtoni siku ya Loy Krathong, sikukuu ya taa za majini, mitaa ikishindana kwa mstari mrefu wa taa. Kila kifuu na taa yake.

Fundi wa sanamu alitoka Chiang Mai akazunguka mtaa mzima akitafuta mkono unaofaa. Akaukuta nyumbani kwangu. Basi.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimepita kuutazama kabla ya kufungua duka. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Vidole vimetokeza juu yake, vyekundu, vina umande — utadhani vimetoka kunawa sasa hivi. Ajabu! Shaba ni kitu kigumu, lakini vile vidole vimelegea, vinaachia kifuu bila kukisukuma. Mtu asiyejua kazi hukisukuma. Mstari ukapinda, taa zikazimika, mtaa ukashindwa mashindano.

Lamyai anayefagia pale kaniona. "Kinyozi, umekuja kujitazama tena? Hata bibi harusi hakai kwenye kioo hivyo!"

Nikamwambia afagie kwa adabu, yuko chini ya mkono wa mtu. Nikamkumbusha na mwaka ule nilipoachia vifuu elfu moja peke yangu, mstari ukafika hadi mji wa Nakhon Sawan huko chini haijazimika taa hata moja, samaki wakaamka wakidhani kumekucha. Alicheka mpaka akaegemea fagio. Watu wengine hawana elimu.

Jumatatu, 3 Novemba

Wanwisa kapiga simu kutoka Bangkok. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, tumemlea mimi na mke wangu Bunruean tangu ana miaka sita. Anakuja keshokutwa na mchumba wake — pamoja na baba wa mchumba, Mwalimu Prasoet, mstaafu. Huyo mzee hajakubali posa. Anasema hajui sisi ni watu wa namna gani.

"Mjomba," Wanwisa anasema, "nimemwambia sanamu ni mkono wako. Ndilo jambo pekee la kwetu lililomfurahisha. Tafadhali usiniaibishe."

Mimi nimwaibishe! Nikamwambia alale usingizi.

Bunruean alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi ya miang, vile vitafunio vya kufunga kwenye majani anavyouza kibandani, maana keshokutwa soko litajaa. Nikamweleza. Akauliza, kwa hiyo wanakuja kuuona mkono? Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Akaendelea kukuna.

Haya gani hiyo? Miaka ishirini na minane ya ndoa na bado sijaijua.

Jumanne, 4 Novemba

Wanawake wako uwanja wa hekalu, wanamimina nta kwenye vifuu na kusimamisha tambi. Nimesimamia. Wamenifukuza.

Nimepaka mikono mafuta ya nazi mara tatu. Haibadiliki.

Jumatano, 5 Novemba

Naandika nyuma ya kibanda cha Bunruean, juu ya boksi la soda. Ngoma zimeanza. Mtaa wa kwanza wameshaingia majini.

Walifika saa kumi. Kijana ni mpole, ana masikio makubwa, nywele zake kakata mtu asiyejua kazi. Mzee mkavu, amenyooka kama rula. Chakula alikula, kuongea hakuongea. Nikawapeleka ukingoni. Nikaanza kuhadithia, na jua lilikuwa linazama nyuma ya vidole, shaba yote ikawa kama kaa la moto, vifuu vikawaka taa kimoja baada ya kingine hadi chini — nikanyamaza! Mimi! Hata mzee alivua kofia.

Akaukaribia. Akaupapasa taratibu, jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe anayetaka kumnunua.

"Huu mkono umefanya kazi," akasema. "Tazameni sugu hii ya kidole gumba. Na kovu hili — hili ni la meno ya mbuzi ya nazi. Mama yangu alikuwa nalo."  Halafu akanigeukia, mara ya kwanza anatabasamu tangu afike. "Nyumba yenye mkono kama huu, mimi naiamini. Ndugu yangu, hebu lete kiganja chako tukiweke pale pale, mtoto atupige picha."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Unanuka poda. Umeshika mkasi na kitana maisha yake yote, laini kama shavu la mtoto.

Bunruean alikuwa ameleta sahani ya miang. Aliiweka chini, akafunga mikono yake kwenye khanga aliyojifunga kiunoni. Akaificha!  Wanwisa aliniangalia mimi, akaangalia ile khanga, akaniangalia tena. Nadhani ameelewa.

Nikasema nakuja, nafuata vinywaji.

Vinywaji viko hapa, nimevikalia. Leo watu wote wanamwomba Mama wa Maji msamaha kwa uchafu wa mwaka mzima, naye anasamehe, anauchukua anaondoka nao. Lakini Bunruean si maji. Yupo pale pale, mikono imefungwa. Na mzee anauliza, namsikia, "Mjomba kaenda wapi?" Wanwisa ananiita. Mara ya pili sasa.

Naandika hapa kwanza, nione kama mdomo utafuata. Mkono ni wa Bunruean. Siku ile fundi alipouchukua mfano, mimi nilimshikia mwavuli.