Vyuma Vyepesi vya Shemeji Tryphena

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako maana nimefika mahali sioni mbele. Mimi ni fundi wa mashine ya kukereza vyuma katika karakana moja hapa Voi, na shemeji yangu Tryphena, mdogo wa mke wangu Priscilla, alishikwa na polio akiwa mtoto, kwa hivyo anatembea na vyuma vya mguu, vizito kiasi kwamba akipanda mlima kwenda kwao Mwanda lazima apumzike kila kona, nami kwa kumhurumia nikasema nitamtengenezea vya aluminiamu. Vya kwanza nilitumia ile laini, ambayo hata kwenye mashine inanata tu kwenye kisu, na alipovivaa vikapinda gotini kabla ya wiki kuisha. Baadaye nikapata kwa muuza vyuma chakavu kipande kigumu, akasema kilitoka kwenye ndege, na kwa kweli kwenye mashine kilikatika vizuri ajabu, nikamchongea vya pili, na Jumapili ile akapanda mpaka kanisani bila kusimama, mama yao akalia, na Tryphena akaniambia, "Shemeji, leo nimefika kabla ya wimbo wa kwanza."

Sasa mwezi ujao anaolewa na Timotheo wa Mwatate, na anataka kuingia kanisani bila kushikwa mkono. Lakini juzi nilichukua bakio la kile kipande nikalibana kwenye jiliwa nikajaribu kulipinda, na halikupinda hata kidogo, lilikatika ghafla kama muhogo mkavu. Nilipomweleza mke wangu akasema ninyamaze harusi ipite kwanza, maanake nikimvua mdogo wake vile vyuma nitamvunja moyo, na pengine Timotheo ataanza kufikiri upya. Nimenyamaza, lakini bado anashuka ule mlima navyo. Nifanye nini?

Danson, Voi

Ndugu Danson,

Pole. Una roho nzuri na mkono mzuri, ndiyo sababu sitakuzungusha. Moyo wa mtu huponywa kwa maneno. Nyonga iliyovunjika kwenye mteremko wa Mwanda haiponi hivyo.

Nilimpelekea swali lako Noah, rafiki yangu anayefundisha ufundi wa vyuma. Alinieleza kwamba ugumu na ustahimilivu ni vitu viwili. Aluminiamu ya ndege mara nyingi imechanganywa na shaba. Ina nguvu, lakini jasho huila, na ikipata ufa haipigi hodi. Ile laini ilikuaibisha, ila angalau ilikuonya. Kisha akaniuliza, "Huyo fundi anajua kipande chake ni aina gani?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi asimvalishe mtu."

Ulikichagua kipande hicho kwa kuangalia jinsi kinavyokatika kwenye mashine yako, Danson. Anayekivaa ni mtu.

Mke wako hana ubaya. Anamlinda mdogo wake, ila anailinda siku moja, na Tryphena ana maisha mazima mbele yake. Kuhusu Timotheo, amemchumbia akimwona na vyuma vizito. Kama atarudi nyuma kwa sababu hiyo, ni heri arudi sasa.

Pandeni Mwanda leo, wewe na Priscilla. Mwambieni Tryphena mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na mpe hilo bakio lililokatika alishike. Avae vyuma vyake vya zamani. Vya tatu vitengeneze kwa aluminiamu ya ugumu wa kiasi, ile inayotengenezewa ngazi, na ununue Mombasa kwa muuzaji anayeweza kukutajia aina yake. Gotini acha unene, kwani bado itakuwa nyepesi kuliko chuma. Pembe za ndani uzifanye ziwe za mviringo, usichomelee karibu na kiungo, na pini iwe ya chuma. Vibebeshe mzigo mzito kuliko yeye, tena na tena, kabla havijagusa mguu wake.

Visipokuwa tayari kwa harusi, usivikimbize. Muulize kama ataingia polepole na vile vizito, au ataahirisha, au atashika mkono wa mtu. Lolote atakalosema, wewe na dada yake mkubali. Mguu ni wake.